Antena Isiyogeuzwa: Kwa Nini Setilaiti Hupotea Ikiwa Karibu

Kituo cha Kimataifa cha Anga, ISS, ambacho kina ripita ya redio za ridhaa, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, kinachomoza kusini-magharibi mwa Dar es Salaam. Redio iko kwenye 437.810 MHz, skwelchi, ile inayonyamazisha mvumo, imefunguliwa, na antena ni ufito wa sentimita 49 uliosimama wima juu ya paa la bati. Dakika ya pili mvumo unafifia na sauti inajitokeza: stesheni ya Afrika Kusini, alama yake ikianza na ZS, inajibu mwito. Dakika ya tatu inasikika vizuri zaidi. Kituo kinapanda, kinakaribia, kinafika utosini, kilomita 420 tu juu ya mabati.

Na sauti inazama.

Kinapoanza kuteremka upande wa bahari, sauti inarudi, sasa ya stesheni nyingine.

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu hesabu inasema kinyume. Kituo kikiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, kiko umbali wa kilomita 1,500 hivi. Kikiwa utosini ni 420. Tofauti hiyo ni desibeli 11, yaani nguvu inayofika chini imeongezeka zaidi ya mara 12. Iweje kilicho mbali kisikike, kilicho karibu kipotee?

Jibu lake ndilo linaloamua antena ipi ya kutengeneza, kwa hiyo tusilipite haraka.

## Washukiwa watatu

Wa kwanza ni shimo. Ufito uliosimama wima husikia pembeni kote, lakini hausikii kule ncha yake inakoelekea. Juu yake pana koni ya kimya, na setilaiti ikipita utosini inapita katikati ya koni hiyo.

Wa pili ni Doppler, yaani masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo. Ripita ya ISS hurusha kwenye 437.800, lakini ikija kwako unaisikia karibu kilohezi 10 juu, na ikiondoka kilohezi 10 chini. Wengi wanajua hilo. Kinachosahaulika ni kwamba badiliko hilo haligawanyiki sawasawa. Mwanzoni na mwishoni masafa yanasogea polepole. Katikati ya pito la utosini yanateleza kama hezi 200 kila sekunde, kwa hiyo hatua ya kilohezi 5 inakwisha ndani ya nusu dakika. Aliyezoea kungoja ataachwa nyuma palepale setilaiti ilipo karibu, kisha ataisingizia antena.

Wa tatu ni mkao wa wimbi. Setilaiti ndogo nyingi zina antena za utepe wa chuma ulionyooka, nazo zinajigeuza zikiwa njiani. Wimbi likifika limelala ilhali ufito wako umesimama, hasara inaweza kuzidi desibeli 20. Nusu dakika baadaye setilaiti imejigeuza na sauti imerudi, wewe hujagusa kitu.

Kuwatenganisha si kazi. Sauti ikipotea, shuka kilohezi 5 kwanza. Ikirudi, ilikuwa Doppler. Ikiwa inakuja na kwenda kwa mapigo, mara kadhaa katika pito moja, hata setilaiti ikiwa chini, ni mkao wa wimbi. Ikizama mara moja tu, taratibu, na katikati ya kuzama kwake ndipo setilaiti ilipo juu kabisa, hilo ni shimo.

Pito nililolieleza hapo juu lina dalili za shimo. Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua antena ya kutazama juu, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanzia.

## Kilo moja ya unga

Antena haizalishi nguvu. Inagawa tu kile kilichopo, na kilo moja ya unga haiongezeki kwa kuongeza sahani. Yagi, antena ya fito sambamba, ikiwa na vipande 7 hukusanya karibu wote upande mmoja na kukupa geini, yaani ongezeko la upande huo, ya desibeli 10 au zaidi, lakini lazima uigeuze kufuata setilaiti, kwa mkono au kwa mota mbili. Antena isiyogeuzwa inagawa kwa anga zima. Ukiona tangazo la antena ya aina hii lenye geini ya desibeli 7 au 8, jiulize ni upande gani ulionyimwa.

Kwa hiyo kuuliza ipi ina geini kubwa hakufiki mbali. Unachotaka kujua ni pembe zipi zinaweza kunyimwa bila wewe kuumia.

## Mapito yetu yako chini

Tuchukue ISS na mtu aliye karibu na ikweta, iwe Nairobi, Mwanza, Kampala au Dar. Kila mzunguko huchukua dakika 93 hivi, na dunia inazunguka chini yake, kwa hiyo njia yake juu ya ikweta inasogea magharibi kama kilomita 2,600 kila mara. Kituo kinaonekana kutoka kilomita 2,250 hivi kila upande. Pito moja likikupitia utosini, linalofuata litachungulia tu upeo wa macho, au hutaliona kabisa.

Njia hizo zikitawanyika sawasawa, kama zinavyofanya huku kwetu, jiometri inatoa hesabu hii: karibu asilimia 38 ya mapito hayafiki nyuzi 10. Yanayovuka nyuzi 30 ni asilimia 28 hivi. Yanayovuka nyuzi 45 ni asilimia 17.

Hata lile pito zuri la utosini, linalodumu dakika kumi na kitu, linakaa juu ya nyuzi 45 kwa muda usiofika dakika mbili. Muda wote uliobaki setilaiti iko pembeni.

Halafu kuna unayetaka kuzungumza naye. Dar na Johannesburg zimeachana karibu kilomita 2,500. Ili nyote wawili mkione kituo sawasawa, kinatakiwa kuwa katikati yenu, na hapo kila mmoja anakiona kwenye nyuzi 12 hivi. Kutoka Nairobi ni nyuzi 9. Setilaiti ikiwa utosini mwako, yeye wa Johannesburg imemtoka. Utabaki na majirani ambao ripita ya mlimani ingekufikishia.

Sasa lile shimo la juu ya ufito linaonekana vingine. Liko mahali ambapo setilaiti ina desibeli 11 za ziada, ambapo inakaa kidogo, na ambapo watu wa kuongea nao ni wachache. Kama antena lazima iwe na udhaifu, huo ndio udhaifu wa bei nafuu kuliko wote.

Nilitegemea hesabu iniambie nitafute antena ya kutazama juu. Imeniambia niiogope.

## Ufito wa sentimita 49

Uzuri wa ufito huu ni bahati ya masafa. Kwenye 145.9 MHz, robo ya wimbi ni sentimita 49. Kwenye 437 MHz urefu uleule ni robo tatu ya wimbi, nao unafanya kazi kwa sababu 437 ni karibu mara tatu ya 145.9. Ufito mmoja, bendi mbili, hakuna koili wala kapasita. Kwenye 437, nguvu ya robo tatu inainuka zaidi kuliko ya robo, kwa hiyo shimo la juu linakuwa jembamba, ingawa halipotei.

Sharti lake ni chuma cha kutosha chini yake. Bati la mita moja kwa mita moja linatosha. Paa la gari ni zuri. Kama huna, weka fito nne za sentimita 51 zilizolala, zikitazama pande nne, na uongeze nne fupi za sentimita 17 kwa ajili ya 437.

Paa la nyumba la mabati linavutia, na mara nyingi linafaa, ila lina hila zake. Sumaku ya antena ya gari haishiki vizuri juu ya mikunjo. Paa lenye mteremko mkali linainamisha antena yote, kwa hiyo upande mmoja utasikia na mwingine utapwaya. Na mabati yaliyoshika kutu kwenye viungo, yakigusana na kuachana kwa upepo, yanachanganya mawimbi ya stesheni za karibu na kuzaa mikwaruzo isiyo na mwenyewe. Ukisikia kelele zinazobadilika upepo ukivuma, usiifungue redio. Kaza misumari.

Kwa ufito wenyewe, waya wa shaba wa milimita 2.5 au 3 unatosha. Anza na sentimita 51, kisha kata milimita chache chache ukiangalia SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, kwenye 145.9. Ukimaliza hapo, pima 437 na uikubali ilivyo mradi haijavuka 2. Kuhangaikia tarakimu nzuri kwenye bendi ya kupokea ni kupoteza jioni bure.

## Familia ya mawimbi yanayozunguka

Hoja ya upande wa pili ina nguvu, lazima nikiri. Antena yenye mkao wa kuzunguka, ambayo wimbi lake linajizungusha likisafiri, inapoteza desibeli 3 dhidi ya wimbi lolote lililonyooka, liwe limelala au limesimama, lakini inapoteza hizohizo 3 tu kila wakati. Unabadilisha mashimo ya desibeli 20 kwa kodi ndogo ya kudumu. Kwa sauti ya FM, ambayo ikishuka chini ya kiwango fulani inakatika ghafla, huo ni ununuzi mzuri.

Tatizo ni kwamba antena hizi hazizungushi wimbi pembe zote.

Dipoli mbili, yaani fito zinazolishwa katikati, zilizopishana msalaba juu ya wavu wa chuma ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa 437, kila dipoli ina sentimita 32.5 kutoka ncha hadi ncha, na inakaa sentimita 26 juu ya wavu. Dipoli ya pili inalishwa kupitia kipande cha kebo ya ohmu 75 chenye robo ya wimbi. Hapa ndipo wengi huharibu: wimbi ndani ya kebo huenda polepole kuliko hewani. RG-59 yenye plastiki ngumu inataka sentimita 11.3. RG-6 ya povu inataka 14 hivi. Ukikata kwa hesabu ya hewani utapata 17, na wimbi halitazunguka vile ulivyokusudia. Hata ikitengenezwa vizuri, antena hii hutazama juu. Chini ya nyuzi 20 inakuwa dhaifu, na wimbi lake huko limelala tu. Ni nzuri kwa picha za hali ya hewa. Kwa kumtafuta mtu wa Johannesburg ni chaguo baya.

Ile ya pete mbili zilizopishana, kila moja ikiwa na mzingo wa sentimita 70 hadi 72 kwa bendi hii, ni ndugu yake aliyechangamka. Inasikia chini vizuri kidogo, inachukua nafasi ndogo, na madukani ndiyo inayouzwa sana. Kasoro yake kwa fundi ni kebo ya kuchelewesha: pete zina ohmu 100 hivi, na kebo inayofaa ni RG-62 ya ohmu 93, ambayo huku kwetu ni ya kuagiza. Utosini wimbi lake linazunguka. Kwenye upeo wa macho limelala.

Ile ya nyaya nne zilizosokotwa, ambayo wengi waliijengea setilaiti za hali ya hewa za NOAA za 137 MHz zilizozimwa mwaka 2025, ndiyo pekee inayozungusha wimbi karibu anga nzima. Kama unayo imekaa bure darini, vipimo vyake vyote vikizidishwa kwa 0.94 vinakupeleka 145.9. Kwa 437 ni kifaa cha kiganjani, na kosa la sentimita moja linaonekana.

Halafu kuna ya Lindenblad. Dipoli nne zimezunguka nguzo kwenye duara lenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, kila moja imeinama nyuzi 30 kutoka mlalo, zote zimeinama upande uleule, zote zinalishwa kwa wakati mmoja. Wimbi lake linazunguka kule kwenye upeo wa macho, na nguvu yake iko chini, palepale hesabu ya mapito inapoitaka. Juu kabisa ni dhaifu, na tumeshaona kwamba huko hatudaiwi.

Ndiyo ningemshauri mtu aijenge baada ya ufito, na kuna njia inayofaa mfuko wa huku. Tengeneza dipoli za kukunja, zile zenye waya wa pili unaorudi juu. Kila moja ina ohmu 300 hivi. Zilishe kwa waya bapa wa antena za TV za zamani, ambao nao ni ohmu 300, vipande vinne vyenye urefu sawasawa. Viunganishe pamoja kwenye nguzo: 300 gawanya kwa 4 ni 75. Hapo unashuka moja kwa moja kwa waya wa dishi, huku umevisha shanga chache za feraiti kwenye kebo karibu na kiungo ili ganda lake lisigeuke kuwa antena ya tano. Nguzo iwe ya plastiki sehemu ile ya dipoli. Ukiinamisha dipoli moja upande usio wake, au ukigeuza waya zake mbili, antena itapokea bado, ila upande mmoja wa anga utakuwa na pengo, na utalitafuta wiki nzima.

## SO-50 ndiyo mtihani

ISS ni rahisi. Inasikika hata kwa redio ya mkononi ukiwa uwanjani. Anayejaribu antena yake kwa ISS peke yake hajui bado ana nini.

SO-50, setilaiti ndogo ya redio za ridhaa, ilirushwa Desemba 2002 na inarusha milliwati 250 kwenye 436.795. Hizo ni dBm 24, yaani desibeli 24 juu ya milliwati moja. Ikiwa utosini, kilomita 650 hivi, njia inakula desibeli 141.5. Toa 3 za mkao wa wimbi, weka antena ya geini sifuri: inafika dBm −120.5. Redio nzuri ya FM inataka kama −123 ili sauti ieleweke.

Umebakiwa na desibeli 2.5, na hiyo ni utosini.

Ikiwa nyuzi 10, umbali ni kilomita 2,000, na kinachofika ni −130. Hakuna sauti. Sasa ongeza mita 15 za kebo ya RG-58, zinazokula desibeli 5 na kitu kwenye 437, na hata utosini hupati chochote. Mtu huyu atasema antena ni mbovu. Antena haina kosa.

Linganisha na upande wa kurusha. Wati 5 za redio ya mkononi kwenye 145.990, antena ya geini sifuri, ISS ikiwa kilomita 1,500: kule juu inafika −105. Ni nyingi mno. Kufika si shida. Shida ni kusikia. Ndiyo maana inaniudhi kuona mtu akinunua redio ya wati 50 ilhali hana senti moja ya upande wa kupokea. Wengine wanamsikia vizuri, yeye anaita juu ya mazungumzo yao.

## Waya wa dishi, busta na fedha

Fedha ya kwanza iende kwenye kebo. RG-6, waya wa dishi unaouzwa kila mtaa, unapoteza kama desibeli 0.13 kwa mita kwenye 437. Mita 15 ni desibeli 2 tu. Kutolingana kwa ohmu 75 na 50 kunakula chini ya robo ya desibeli moja. Kwa kupokea, waya huu wa bei ya chini unaishinda RG-58 kwa mbali. Ganda lake mara nyingi ni la alumini, halishiki risasi, kwa hiyo usijaribu kulehemu. Tumia konekta za kukaza, na ziba kwa mkanda wa mpira unaojishika wenyewe. Pwani, chumvi inaingia kabla ya maji. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kidogo ili matone yadondoke hapo.

Fedha ya pili ni kikuza mawimbi kinachofungwa juu, mguuni mwa antena. Kiwe na kelele chini ya desibeli 1 na ukuzaji wa 15 hadi 20. Kikifungwa chini mezani kinakuza pia kelele iliyoongezwa na kebo, na umepoteza faida yake. Umeme wa volti 12 unapandishwa kwa kebo ileile.

Busta ya TV? Inajaribika. Lakini inapokea kila kitu kuanzia redio za FM hadi TV, na mjini stesheni hizo zinaijaza hadi setilaiti inazama humo. Kijijini, mbali na minara, nafasi yake ni nzuri kidogo.

Na usirushe kupitia kikuza mawimbi. Hakitakupa onyo.

## Mara tatu, tena

Ile bahati ya masafa iliyofanya ufito mmoja ufae bendi mbili inadai malipo yake. 145.990 mara tatu ni 437.970. Unapokea kwenye 437.800. Ukibonyeza kurusha, mwangwi wa tatu wa redio yako unaangukia pembeni kabisa ya ile unayoisikiliza, na wimbi lenyewe la 145 linakijaza kikuza mawimbi. Matokeo yake ni kwamba kila ukisema, setilaiti inanyamaza, na hujui kama umefika.

Kuna anayedhani atatatua kwa kipande cha kebo cha robo ya wimbi ya 145 kilichoachwa wazi mwishoni. Kipande hicho kinazima 145 vizuri sana. Kwenye 437 ni robo tatu, nacho kinazima huko pia. Umeziba masikio yote mawili.

Kinachofanya kazi ni kichujio cha kutenganisha bendi za 144 na 430, mlango wa 430 ukielekea kikuza mawimbi, na antena mbili tofauti: ufito wa 145 wa kurusha upande mmoja, Lindenblad ya 437 juu ya nguzo nyingine. Zipandishe moja juu ya nyingine kama huna nafasi. Ufito wima hausikii vizuri kilicho juu yake, na mara hii shimo linakusaidia.

Leseni ya TCRA, ya CA ya Kenya au ya mamlaka ya nchi yako iwe mfukoni kabla ya kubonyeza. Kwa SO-50, toni ya hezi 74.4 inaiwasha kwa dakika 10, kisha unazungumza na toni ya 67.0 kwenye 145.850. Ripita ya ISS nayo inataka 67.0, na huzimwa au kubadilishwa wakati wa safari za nje na vyombo vinapotia nanga, kwa hiyo ukimya mmoja si ushahidi.

## Kabla ya kupanda tena juu ya paa

Kipimo kimoja kinaokoa fedha nyingi. Chukua kipokezi cha SSB (sauti ya upana mwembamba) au RTL-SDR (kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta), kiweke 437, na ufunge kipinga cha ohmu 50 mahali pa antena. Soma kiwango cha mvumo. Kisha funga antena.

Mvumo usipopanda, kelele ya kipokezi na kebo ndiyo inayotawala, na kikuza mawimbi kitakupa kila desibeli kinachoahidi. Ukipanda sana, kelele inatoka mtaani: balbu za LED za bei rahisi, chaja za sola, king'amuzi cha jirani. Hapo kikuza mawimbi hakisaidii kitu. Zima umeme wa nyumba, tumia betri, pima tena. Halafu anza kutembea na antena.

Mtu aliyefika hapo, mwenye ufito au Lindenblad, kebo nzuri na kikuza mawimbi juu, namshauri aiache FM kwa muda. Setilaiti ya RS-44, iliyorushwa Desemba 2019, iko juu zaidi, kati ya kilomita 1,200 na 1,500, na inapokea SSB na CW, yaani Morse, kati ya 145.935 na 145.995, ikirusha kati ya 435.610 na 435.670 kwa mpangilio uliopinduliwa: ukipanda wewe, inashuka yenyewe. Iko mbali, lakini SSB inahitaji upana wa kilohezi 2.5 badala ya 12, na hiyo peke yake ni desibeli 7 za kelele usizozisikia. Pito lake zuri linafika dakika 20 hivi. Dar na Muscat zimeachana karibu kilomita 4,000. Kupitia ISS mngehitaji kuonana kwenye nyuzi 2 au 3, nyuma ya mwembe wa jirani. Kupitia RS-44 ni nyuzi 20 na ushee.

Bikoni yake ya CW, ishara inayojitangaza yenyewe, iko 435.605. Isikilize mapito machache kabla ya kurusha, ukiandika ni nyuzi ngapi inapoanza kusomeka na ngapi inapokatika. Ikisomeka kuanzia 15, rusha, ukirekebisha masafa ya kupokea peke yake, na punguza nguvu hadi sauti yako inayorudi iwe chini ya bikoni.